Ada Ni Mwanzo Tu: Uchumi wa Elimu ya Juu Ukitazamwa Kutoka Kigamboni

Kigamboni ilipata chuo kabla Tanganyika haijapata chuo kikuu. Chuo cha Kivukoni kilifunguliwa ng'ambo ya Feri tarehe 29 Julai 1961, kwa mfano wa Ruskin College ya Oxford, chuo cha watu wazima waliokosa nafasi ya kusoma shule. Kililenga viongozi wa vyama vya wafanyakazi, watumishi wa ushirika na makada wa chama cha TANU, watu waliokuwa wakifanya kazi kubwa wakiwa na cheti kidogo au bila cheti kabisa. Oktoba mwaka huohuo, upande wa pili wa maji, wanafunzi wa kwanza wa sheria walianza masomo katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba. Hicho ndicho kilichokuja kuwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakati ule kikiwa chini ya Chuo Kikuu cha London. Aliyetaka kuingia huko alipaswa kuwa na cheti, tena cha ngazi ambayo Waafrika wachache sana nchini walikuwa wameifikia.

Leo Kivukoni ni Chuo cha Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere, kwa sheria ya mwaka 2005, baada ya miaka mingi ya kuwa chuo cha itikadi cha chama. Kinatoa astashahada, stashahada na shahada, na kina tawi Bububu, Zanzibar. Lakini zile njia mbili za 1961 bado zipo: njia ya waliofaulu mapema na njia ya wanaopanda hatua kwa hatua. Uchumi wa elimu ya juu ni habari ya nani analipa kwenye kila njia, analipa kwa fedha gani, lini, na anapata nini mwishoni. Kwa Tanzania jibu fupi ni kwamba fedha za umma zimefuata njia ya kwanza, na vijana wengi wa Kigamboni na Temeke wanapita ya pili.

Kutoka bure hadi mkopo

Baada ya uhuru serikali ilibeba karibu kila kitu: masomo, chakula, bweni, hata nauli ya kurudi nyumbani likizo. Hesabu yake ilikuwa wazi. Wasomi walikuwa wachache mno na kila mhitimu alikuwa na kazi inayomngoja serikalini. Kodi ya mkulima wa pamba na kahawa ilimsomesha kijana Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na kijana akimaliza angemtumikia mkulima. Makubaliano hayo yalijaribiwa tarehe 22 Oktoba 1966, wanafunzi walipoandamana kupinga kulazimishwa kwenda Jeshi la Kujenga Taifa na kutumikia kwa sehemu tu ya mshahara wa msomi. Mwalimu Nyerere aliwarudisha nyumbani zaidi ya 300, kisha akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Swali lililokuwa mezani siku ile halijaondoka: faida ya shahada ni ya mwenye shahada, au ya waliomlipia?

Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilijaribu kulijibu kwa njia nyingine. Mhitimu wa kidato cha sita alitakiwa kwanza afanye kazi walau miaka miwili, na aombe nafasi ya chuo kikuu akiwa na sifa nzuri za kazini. Kwa macho ya uchumi lilikuwa jaribio la maana. Kijana aliyekwisha kushika kazi anajua anachokwenda kusomea, na taifa halipotezi fedha kwa asiyejua anataka nini. Lakini lilikuwa na gharama yake. Idadi ya wasichana waliojiunga iliporomoka, kwa kuwa miaka miwili ya kazi mara nyingi ilikuwa pia miaka ya kuolewa na kuzaa, na baada ya muda mfupi ikabidi waondolewe sharti hilo.

Miaka ya 1980 hazina ilikauka. Sera ya uchangiaji ikaingia taratibu mwanzoni mwa miaka ya 1990: kwanza wanafunzi walibebeshwa nauli na malipo madogo madogo, kisha chakula na malazi. Kuanzia 1994/95 serikali ilianza kukopesha, ingawa kwa muda mrefu hakukuwa na chombo cha kudai marejesho. Mwaka 1995 sheria ilifungua nafasi kwa vyuo vikuu binafsi. Chuo Kikuu cha Kairuki cha Mikocheni kilianza 1997. Chuo Kikuu Huria, chenye makao yake makuu Kinondoni, kilikuwa kimeundwa 1992 kwa ajili ya watu wasioweza kuacha kazi wakasome.

Majirani walichagua njia tofauti. Makerere ilianza kupokea wanafunzi wa kujilipia mwaka 1992, Nairobi ikafuata 1998 na mfumo sambamba, kiasi kwamba ndani ya darasa moja walikaa waliolipiwa na serikali na waliolipa bei kamili. Tanzania haikuijenga njia hiyo kwa ukubwa ule. Iliweka uzito wake kwenye mkopo. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu iliundwa kwa Sheria Na. 9 ya 2004 na kuanza kazi Julai 2005. Bajeti ya mikopo ilikuwa shilingi bilioni 464 mwaka 2020/21, ikafika bilioni 570 mwaka uliofuata, na bilioni 787 mwaka 2024/25. Serikali imeliongezea eneo hili fedha kwa kasi ya kuonekana, na inastahili kusifiwa kwa hilo.

Mwaka mmoja wa chuo unagharimu nini

Mzazi wa Tungi au Kibada, Kigamboni, akiulizwa chuo ni bei gani, hutaja ada. Kwenye vyuo vikuu vya umma ada ya shahada nyingi ni kati ya shilingi milioni 1 na milioni 1.5 kwa mwaka. Udaktari na vyuo binafsi ni habari nyingine. Lakini ada ni sehemu ndogo ya hesabu, na kwa familia nyingi si sehemu inayoamua.

Tuchukue malazi. Bodi hutoa fedha ya kujikimu, ambayo kila mwanafunzi anaiita bumu. Ilikuwa shilingi 8,500 kwa siku, na tangu 2022/23 ni 10,000. Ikitolewa ya siku 60, ni 600,000 mkononi. Sasa mwanafunzi aliyekosa bweni anatafuta geto karibu na chuo. Tuseme chumba ni 60,000 kwa mwezi. Mwenye nyumba wa Dar es Salaam hapokei kodi ya mwezi mmoja. Anataka ya miezi sita, yaani 360,000. Dalali naye anachukua ya mwezi mmoja, 60,000. Kabla ya godoro, ndoo na jiko la gesi, zimekwenda 420,000. Zinabaki 180,000 za siku 60, yaani 3,000 kwa siku kwa chakula, nauli, vocha na kudurufu notsi. Na huyo ni mwanafunzi aliyepata mkopo, tena ambaye bumu lake halikuchelewa. Asiyepata anaanza na sifuri.

Ndiyo maana mabweni ni suala la uchumi wa elimu kuliko yalivyo suala la majengo. Zile hosteli za Mlimani zilizofunguliwa Aprili 2017, zenye nafasi za wanafunzi 3,840, zilifanya kazi ambayo nyongeza ya mkopo isingeweza kuifanya, kwa sababu ukiongeza bumu bila kuongeza vitanda, sehemu kubwa ya nyongeza inaishia kwa mwenye nyumba.

Anayeishi kwao Kigamboni anaokoa kodi, lakini analipa kwa muda. Akisoma Mlimani anapanda daladala hadi Feri, anakaa foleni ya pantoni, anavuka kwa 200, anashukia upande wa Magogoni na kutafuta basi la mwendokasi kwenye kituo cha Kivukoni, kisha usafiri mwingine wa kumfikisha chuoni. Fedha si nyingi ukiitazama nauli ya pantoni peke yake. Saa ndizo nyingi, hasa pantoni moja ikiwa kwenye matengenezo. Daraja la Nyerere, lenye urefu wa mita 680 na lililofunguliwa Aprili 2016, lilibadili hesabu hiyo kwa upande mmoja: limewasogeza watu wa Kibada na Kisiwani karibu na vyuo vya Kurasini na Chang'ombe, kikiwemo Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu. Sijui kama waliopanga daraja waliifikiria habari ya vyuo. Matokeo yake kwa mwanafunzi ni sawa na kupunguziwa gharama.

Kuna gharama ya tatu isiyoandikwa kwenye fomu yoyote, nayo ni kipato anachokiacha kijana anapokwenda darasani. Tuseme kijana wa bodaboda pale Feri anabaki na 10,000 kwa siku baada ya mafuta na hesabu ya tajiri, kwa siku 26 za mwezi. Kwa mwaka ni 3,120,000. Kwa miaka mitatu ya shahada ni zaidi ya milioni 9, mara tatu ya ada ya milioni 1 kwa mwaka. Familia tajiri haiihisi gharama hii, kwa kuwa kijana wao hakutegemewa kuleta chochote. Familia ambayo kaka mkubwa ndiye analipia umeme na sare za wadogo zake inaihisi tangu wiki ya kwanza. Wanaosema kwamba kijana fulani "hakutaka shule" mara nyingi hawajapiga hesabu hiyo.

Miaka mitano na miaka sita

Sasa turudi kwenye zile njia mbili, kwa sababu hapa ndipo haki inapopinda.

Kijana anayefaulu vizuri kidato cha nne huchaguliwa kwenda kidato cha tano. Anasoma miaka miwili, kisha miaka mitatu ya shahada: jumla mitano. Tangu 2022/23 kidato cha tano na cha sita kwenye shule za serikali havina ada, na kwenye shahada anastahili kuomba mkopo. Ukiacha michango na mahitaji ya bweni, hakuna kipindi katika hiyo miaka mitano ambacho sera imemwacha mikono mitupu.

Kijana wa pili ana D nne. Hakuchaguliwa kidato cha tano, lakini D nne za masomo yasiyo ya dini zinamtosha kuanza astashahada kwenye chuo kama cha Kivukoni. Anasoma mwaka mmoja wa astashahada, miaka miwili ya stashahada, kisha akiwa na wastani unaotakiwa anaingia shahada kwa miaka mitatu: jumla sita. Miaka mitatu ya kwanza yote ina ada, na hadi 2023 kwa kawaida haikuwa na mkopo. Huyu, ambaye mara nyingi alisoma shule ya kata yenye upungufu wa walimu wa hisabati na hana wa kumlipia masomo ya ziada, ndiye anayelipa zaidi, kwa muda mrefu zaidi, na kwa fedha taslimu. Akifika shahada anaweza kuomba mkopo. Wengi hawafiki, na wanaokwama hukwama katikati ya stashahada, kwa ada ya muhula wa pili.

Mwaka 2023/24 serikali ilianza kukopesha stashahada. Ilikuwa hatua kubwa na ya haki. Lakini ilikuja na orodha ya fani za kipaumbele: baadhi ya fani za afya, ualimu wa sayansi na hisabati, usafirishaji, uhandisi wa nishati, madini, kilimo na mifugo. Mwanafunzi wa fani ya afya iliyomo kwenye orodha aliingia. Jirani yake wa uhasibu, wa rasilimali watu au wa maendeleo ya jamii hakuingia, hata kama wote wawili wanatoka kaya maskini inayohudumiwa na mfuko wa TASAF.

Mantiki ya orodha inaeleweka: fedha ni chache, na nchi inahitaji wataalamu wa afya kuliko maofisa utumishi. Hata hivyo naiona ina kasoro ya msingi. Kwenye shahada kigezo kikuu ni uhitaji wa mwombaji. Kwenye stashahada fani ndiyo inayotangulia. Maana yake mtoto wa mwenye uwezo akiwa kwenye shahada anapimwa kwa mizani moja, na mtoto wa mama lishe wa Mjimwema anapimwa kwa nyingine, kali zaidi, kabla hata ya mtu kuuliza nyumbani kwao kunaliwa nini. Ingekuwa haki uhitaji utangulie kote, na fani ifuate.

Hata kuomba kwenyewe kuna bei. Fomu ni 30,000. Cheti cha kuzaliwa, au cha kifo cha mzazi, lazima kihakikiwe na wakala wa usajili, RITA. Fomu inapigwa muhuri serikali ya mtaa, inasainiwa na mdhamini mwenye kitambulisho, kisha inapelekwa kwa wakili au hakimu. Kijana aliyelelewa na bibi yake, baba hajulikani alipo na mama ameolewa mkoa mwingine, anaweza kuwa na uhitaji kuliko wote na akawa na karatasi pungufu kuliko wote. Maofisa wa mitaa wanalijua hili, na wapo wanaohangaika kweli kuwasaidia hawa vijana.

Deni na mshahara

Mkopo hurejeshwa kwa makato ya asilimia 15 ya mshahara, kiwango kilichopandishwa kwa marekebisho ya sheria ya mwaka 2016 kutoka asilimia 8. Aliyejiajiri anatakiwa alipe walau 100,000 kwa mwezi au asilimia 10 ya kipato chake. Chukua mhitimu aliyekopa takriban milioni 11 kwa miaka mitatu, ada na kujikimu pamoja, akaanza kazi kwa mshahara wa 700,000. Atakatwa 105,000 kila mwezi, na deni litachukua zaidi ya miaka minane.

Kabla ya 2021 lingechukua muda mrefu kuliko huo. Sheria ilikuwa na tozo ya asilimia 6 kwa mwaka ya kulinda thamani ya fedha. Kwenye deni la milioni 11 tozo hiyo ni 660,000 kwa mwaka, wakati makato yote ya mwaka ni 1,260,000. Zaidi ya nusu ya alicholipa haikugusa deni. Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kuifuta kwenye sherehe za Mei Mosi 2021, na walimu wengi waliokuwa wanaona salio halishuki walipumua. Kiuchumi tozo ile ilikuwa na sababu, kwani shilingi inayorudi baada ya miaka kumi hainunui ilichonunua siku ilipotoka, na Bodi inahitaji marejesho ili iwakopeshe wanaofuata. Kuifuta kuna maana kwamba mlipakodi anabeba tofauti hiyo. Nadhani ni bora abebe yeye kuliko mwalimu wa mwaka wa kwanza, lakini tusidhani tofauti hiyo haipo.

Shahada inanunua nini

Wachumi wana maelezo mawili ya kwa nini msomi hulipwa zaidi. La kwanza, la akina Theodore Schultz na Gary Becker, linasema chuo humwongezea mtu uwezo wa kuzalisha. La pili, la Michael Spence mwaka 1973, linasema cheti humwonyesha mwajiri kwamba mwenye nacho alikuwa na uwezo tangu awali, hata kama chuo hakikumwongezea kitu.

Moja ya tafiti zinazojulikana zaidi duniani juu ya mjadala huu ilifanyika hapa kwetu. John Knight na Richard Sabot walilinganisha wafanyakazi wa mishahara wa Dar es Salaam na wa Nairobi kwa takwimu za mwaka 1980. Kenya ilikuwa imepanua sekondari kwa kasi, hata kupitia shule za Harambee. Tanzania ilikuwa imeibana kwa makusudi. Waliwapima wafanyakazi kusoma, kuandika na kuhesabu. Kitabu chao cha 1990 kilionyesha kwamba kilichopandisha mshahara hasa ni ujuzi ambao mtu aliubeba kutoka darasani, kuliko miaka aliyokaa au akili ya kuzaliwa. Hilo linapaswa kumsumbua kila anayeongeza idadi ya wanafunzi bila kuongeza walimu.

Ila soko la ajira nalo lina sauti yake, na sauti yake inataka karatasi. Juni 2014 vijana zaidi ya 10,000 walijaa Uwanja wa Taifa, Temeke, kwa usaili wa nafasi 70 za Uhamiaji. Aprili 2017 uhakiki wa serikali uliwakuta watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi, wakaondolewa kazini. Baadhi walikuwa wamefanya kazi hizo kwa miaka mingi, wengine wakiwa wauguzi wenye kuaminiwa na wagonjwa wao. Kughushi ni kosa na hakuna wa kulitetea. Lakini mtu hahatarishi kifungo kwa ajili ya karatasi isiyo na bei.

Foleni ya namna ile ya Uwanja wa Taifa hufanya shahada ipande kama sharti na ishuke kama faida. Nafasi iliyotosha stashahada inaombwa na wenye shahada, na mwenye stashahada analazimika kurudi darasani miaka mitatu zaidi ili abaki pale alipokuwa. Kwa waliopitia njia ya miaka sita hili linauma mara mbili.

Tozo ya ufundi inakokwenda

Chuo cha ufundi stadi cha VETA Chang'ombe hakiko mbali na daraja. Ada ya kozi ndefu za VETA ni 60,000 kwa mwaka kwa wa kutwa na 120,000 kwa wa bweni, kiasi ambacho hata kaya yenye hali ngumu ya Mbagala inaweza kukichanga. Gharama halisi ya kumfundisha fundi umeme au fundi wa viyoyozi ni kubwa mara nyingi zaidi ya hiyo, na inazibwa kwa sehemu na Tozo ya Kuendeleza Ufundi Stadi, ambayo mwajiri mwenye wafanyakazi 10 au zaidi huilipa kwa asilimia ya mishahara. Tozo ilikuwa asilimia 6, imeshuka mara kadhaa hadi 3.5 mwaka 2023.

Jambo ambalo waajiri wamelilalamikia kwa miaka mingi ni mgawo wake. Theluthi moja ndiyo iliyokwenda VETA. Theluthi mbili zilikwenda elimu ya juu, hasa mikopo ya shahada. Fedha iliyokusanywa kwa jina la ufundi ikawasomesha wa njia ya kwanza, wakati wa astashahada na stashahada walikuwa wakijilipia. Kama serikali inataka mikopo ya stashahada ivuke mipaka ya orodha ya sasa bila kuongeza kodi mpya, pa kuanzia ni hapo: sehemu ya zile theluthi mbili itengwe kwa astashahada na stashahada za fani zote, kwa kigezo cha uhitaji, na vyuo kama Kivukoni vilipwe ada moja kwa moja ili mwanafunzi asizuiwe kufanya mtihani kwa deni la muhula.